Shairi la Imani Mezani kwa Mhariri

Kiangazi cha mwaka 1876, mwanafunzi mmoja wa teolojia kaskazini mwa Wales alipeleka shairi kwenye jarida la shirika lake mwenyewe. Yeye alikuwa Mjesuiti, jarida lilikuwa la Wajesuiti, na mhariri alikuwa padri wa shirika hilohilo, rafiki yake wa siku nyingi. Shairi lenyewe lilihusu masista watano waliokufa maji, mmoja wao akipaza sauti katikati ya dhoruba kumwita Kristo aje upesi. Kama kuna kazi iliyowahi kufika kwa mhariri ikiwa na kila sababu ya kupokelewa, ni hiyo. Haikuchapwa. Gerard Manley Hopkins alifariki Dublin tarehe 8 Juni 1889 kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 44, na “The Wreck of the Deutschland” bado ilikuwa karatasi za mkono zilizotunzwa na rafiki.

Kisa hiki hunijia kila ninapomsikia mwandishi Mkatoliki akinung’unika kwamba jarida la Kanisa limemrudishia kazi yake. Manung’uniko hayo yana sura moja: nimeandika juu ya Mungu, nimewapelekea watu wa Mungu, sasa wamekataa kwa lipi? Ndani ya swali hilo mna dai kwamba mada takatifu huipa kazi haki ambayo shairi la mahaba au hadithi ya kondakta wa daladala haina. Wapo wahariri wanaolikubali dai hilo kimyakimya, kwa sababu ni vigumu kumwambia mama aliyemtungia Bikira Maria beti ishirini kwamba beti zake hazijasema kitu. Hivyo kurasa za mashairi hujaa kazi ambazo mwenyewe akishaliona jina lake, hakuna mwingine anayezisoma hadi mwisho. Naamini kinyume chake: kazi ya imani, kuliko kazi nyingine yoyote, inahitaji msomaji asiye na sababu ya kuihurumia. Hopkins alimpata msomaji huyo, ila si mahali alipomtafuta.

Meli ya Deutschland iliondoka Bremerhaven mwanzoni mwa Desemba 1875 ikielekea New York. Ndani walikuwemo masista watano Wafransisko waliokuwa wakihama Ujerumani kwa sababu ya sheria za Falk, zile ambazo serikali ya Bismarck ilizitumia kulibana Kanisa na mashirika yake. Katika dhoruba ya theluji meli ikapanda kwenye fungu la mchanga liitwalo Kentish Knock, nje ya mlango wa mto Thames, ikakwama hapo ikipigwa na mawimbi zaidi ya siku nzima kabla msaada haujafika. Watu zaidi ya 50 walikufa, na masista wote watano wakiwemo. Wanne walizikwa Leytonstone, karibu na London. Mwili wa wa tano haukuonekana.

Hopkins alizisoma habari hizo katika gazeti la The Times akiwa chuoni St Beuno’s. Wakati huo alikuwa na miaka saba bila kutunga shairi la maana. Mwaka 1868, alipoamua kuwa Mjesuiti, alizichoma tungo zake akisema hatatunga tena mpaka wakubwa wake wapende. Sasa gombera wa chuo, Padri James Jones, alipomwona alivyoguswa na msiba ule, akatamka kwamba ingefaa mtu atunge shairi juu yake. Hilo lilimtosha. Zilitoka beti 35, kila moja ya mishororo minane, na ndani yake Hopkins akamwaga yote aliyokuwa ameyafungia kwa miaka saba.

Katika barua aliyomwandikia mama yake mwezi Juni 1876, anasimulia mhariri alivyompokea. Padri Henry James Coleridge wa The Month, mjukuu wa kaka yake mshairi Samuel Taylor Coleridge, alimwambia kwamba amesikia huko Marekani kumezuka ushairi mpya usio na vina, usio na mizani, wala usiofahamika maana yake. Basi ikiwa hili la kwake lina vina, lina mizani, linaeleweka, na halina upuuzi wala jambo la kuharibu maadili, yeye haoni sababu ya kulikataa.

Msomaji wa Kiswahili akiyasikia masharti hayo atadhani ameketi na mhariri wa ukurasa wa mashairi wa gazeti la hapa kwetu. Vina, mizani, kueleweka, maadili: hayo ndiyo mambo manne ambayo kizazi baada ya kizazi cha watunzi wetu kimepimwa nayo. Tena ni masharti ya haki. Mhariri hakuwa mtu wa hila, wala hakuwa mjinga. Jarida hilohilo, mwaka 1865, ndilo lililochapa kwa mara ya kwanza “The Dream of Gerontius” ya John Henry Newman, shairi refu la roho ya mtu inayokata kamba na kwenda mbele ya hukumu. The Month lilijua ushairi wa dini ni nini na lilikuwa limeonja ulio bora.

Tatizo ni kwamba shairi la Hopkins lilikuwa na mizani ambayo mhariri hakuwa na mzani wa kuipimia. Kwetu mizani ni idadi ya silabi. Mshororo wa utenzi una silabi nane. Zikipungua au zikizidi, hata msikilizaji asiyezijua kanuni husikia kwamba mahali fulani mguu umekanyaga vibaya. Ushairi wa Kiingereza wa wakati ule nao ulikuwa na hesabu yake: silabi yenye mkazo na isiyo na mkazo zikipokezana kwa utaratibu uliozoeleka. Hopkins alihesabu mikazo peke yake. Silabi zisizo na mkazo aliziacha ziwe nyingi au zikosekane kabisa, kwa hiyo mshororo mmoja ungeweza kuwa mfupi na mzito kama nyundo, na unaofuata ukamwagika mbio, na bado yote miwili ikawa na mikazo sawa. Juu ya hayo alikuwa amejifunza Kiwelshi, akapenda ufundi wa washairi wa Wales wa kuzirudia konsonanti ndani ya mshororo kwa kanuni kali, naye akauingiza katika Kiingereza. Kwa kuhofia kwamba wasomaji hawatajua pa kuweka mkazo, alitia alama juu ya silabi kwa chaki ya bluu.

Hebu ujiweke mahali pa Padri Coleridge. Una mswada wa mishororo 280. Huna hakika mshororo unaanza kwa mguu gani. Kurasa zimejaa vijialama vya bluu ambavyo mpangaji wa herufi hana vya kuvilinganisha navyo. Wasomaji wako ni Wakatoliki wa Uingereza, jamii ndogo inayojitahidi isionekane ya ajabu mbele ya majirani Waprotestanti. Mtunzi ni kijana wa shirika lako, na unampenda. Ukamwambia shairi litatoka toleo la Agosti iwapo ataziondoa alama. Hopkins aliamini kwamba mshororo ukisomwa kwa mkazo usio wake umeharibika. Akakubali kwa shingo upande, akiomba angalau chache zibaki. Agosti ikaja ikapita, na shairi halikutoka. Mwaka 1878 alijaribu tena, kwa shairi la manowari Eurydice iliyozama karibu na kisiwa cha Wight mwezi Machi mwaka huo. Nalo likakataliwa.

Kwetu kisa cha namna hii si kigeni. Miaka ya 1970 wanamapokeo na wanausasa walipotoana jasho juu ya shairi la Kiswahili lisilo na vina, aliyekuwa mbele upande wa wanausasa ni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe aliyesomea seminari ya Nyegezi. Diwani yake ya Kichomi ilitoka mwaka 1974, na wapo waliosema kwamba kilichomo ndani yake hakistahili kuitwa mashairi. Miaka mitatu kabla ya hapo riwaya yake ya Rosa Mistika, yenye jina lililotoka katika litania ya Bikira Maria, ilikuwa imezua mzozo mkubwa zaidi, hata ikazuiwa isisomwe shuleni kwa muda. Rosa anaanguka, na mwandishi hafumbi macho anapoanguka. Waliosoma litania kila Oktoba walishtuka kuona jina la Mama wa Mungu limevikwa msichana wa namna ile. Ukiisoma leo unaona kwamba jina lile ndilo linalouma kuliko tukio lolote kitabuni, kwa sababu linatukumbusha kila ukurasa binti yule angeweza kuwa nani. Kitabu hicho hakijui kuhubiri, lakini aliyekiandika alijua litania vizuri.

Kwa hiyo swali la anayetuma kazi lina ncha mbili. Ncha moja ni mhariri anayeogopa kigeni. Ncha nyingine, na ndiyo inayonisumbua zaidi kwa kuwa naijua kwa karibu, ni mtunzi anayeandika kile anachodhani Kanisa linataka kusikia.

Tuseme wanawake wawili wa WAWATA, chama cha Wanawake Wakatoliki Tanzania, katika parokia moja wanatunga shairi juu ya huduma ya kufua vitambaa vya altare. Wa kwanza anaandika kwamba kumtumikia Bwana ni furaha, kwamba mikono yake imebarikiwa, kwamba usafi wa vitambaa ni mfano wa usafi wa moyo. Vina vimekaa, mizani haijachechemea, na hakuna Askofu atakayepinga neno. Wa pili anaandika kwamba ni Jumatatu, na kwamba kitambaa cha kufutia kalisi kilichotumika kwenye misa ya ndoa juzi kina alama ya rangi ya mdomo ya bibi arusi. Anakitumbukiza kwenye beseni la maji matupu. Maji hayo ya kwanza hayamwagi mtaroni, maana huenda yamechukua tone la Damu ya Kristo. Anayabeba kwa mikono miwili, anazunguka nyuma ya sakristia na kuyamwaga taratibu kwenye udongo, penye mgomba. Ndipo anarudi kwenye sabuni. Rangi inagoma. Anasugua, anafikiria ndoa yake mwenyewe, anafikiria kwamba yule binti alikunywa kwa woga akabonyeza mdomo kuliko ilivyohitajika. Doa linabaki kama kivuli cha waridi, na Jumapili padri atakifutia kalisi kitambaa hichohicho.

Shairi la kwanza lingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kugusa kitambaa hata kimoja, na la pili halingeweza. Imani ya yule mama wa pili iko kwenye safari ya beseni kwenda kwenye mgomba, na hahitaji kututajia kwamba anaamini. Asiyeamini asingetembea hatua zile zote na maji machafu. Sasa mpe mhariri mashairi hayo mawili na nafasi ya moja tu. La kwanza ni salama. La pili lina rangi ya mdomo karibu na kalisi, na kuna msomaji atakayeandika barua kuuliza kama hayo ni mambo ya kuweka katika gazeti la Kanisa. Padri Coleridge yuko kila ofisi ya mhariri, na mara nyingi ni mtu mwema.

Baadhi ya watu huhalalisha woga huo kwa kutaja sheria za Kanisa, kana kwamba kila kilichochapwa chini ya jina la Ukatoliki lazima kipitie mikononi mwa Askofu. Sheria yenyewe ni pungufu kuliko wanavyodhani. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unadai idhini kwa maandishi kama katekisimu na vitabu vya kufundishia masomo ya dini shuleni. Watawa nao huhitaji ruhusa ya mkubwa wao wa shirika wanapochapa maandishi yanayohusu dini au maadili. Mlei mwenye hadithi fupi au shairi hahitaji muhuri wa mtu. Orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku ilikwisha nguvu mwaka 1966. Graham Greene, ambaye riwaya yake ya mwaka 1940 kuhusu padri mlevi huko Meksiko ilikuwa imelalamikiwa na wakubwa wa Roma, alisimulia kwamba Papa Paulo VI alipokutana naye alimwambia kwamba vitabu vyake sikuzote vitawaudhi baadhi ya Wakatoliki, na kwamba asijali. Papa huyohuyo, tarehe 7 Mei 1964, aliwakusanya wasanii katika Kanisa Dogo la Sisto na kukiri kwamba Kanisa lenyewe lilikuwa limewabana na kuwatwisha mitindo ya kuiga. Juu kabisa, basi, mlango ulikwisha kufunguliwa zamani. Aghalabu hufungwa katika ngazi ya chini, na anayeufunga huwa hakuagizwa na mtu.

Na hata pale kazi inapopokelewa, mapatano hayaishi. Flannery O’Connor, mwandishi wa Georgia aliyeishi kati ya Wabaptisti na kuhudhuria misa kila alipojaliwa nguvu na ugonjwa wake wa lupasi, alipeleka makala juu ya Kanisa na mwandishi wa hadithi kwa America, jarida la Wajesuiti wa Marekani. Ilitoka mwaka 1957. Aya moja ilikuwa imebadilishwa bila yeye kuulizwa, na jambo hilo lilimuudhi vya kutosha kulitaja kwa marafiki. Pamoja na hayo aliendelea kuandika mapitio ya vitabu kwa gazeti la jimbo lake, kazi isiyo na fahari wala malipo ya maana. Katika hadithi zake mwenyewe mtu hupata neema kwa kupigwa na kitabu usoni au kwa kuelekezewa bunduki. Hakuwahi kuzilainisha ili zipite. Aliamini kwamba mwandishi akiona vizuri kilichopo, hana haja ya kukipaka dini juu. Na kwamba hadithi mbovu yenye nia njema ni hadithi mbovu tu.

Nisieleweke vibaya: sisemi kazi ikishtua ndipo iwe nzuri, wala kwamba kanuni za zamani ni minyororo. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyelelewa na misheni ya Kikatoliki, alipotaka kuileta Injili kwa Waswahili alichagua utenzi, bahari iliyokomazwa karne nyingi na washairi Waislamu wa pwani, waliozoea kuufungua kwa jina la Mwenyezi Mungu na kuutumia kusimulia vita na maisha ya Mtume. Mwalimu Julius Nyerere, alipokwisha kung’atuka, alitumia bahari hiyohiyo kutunga tenzi zake za Biblia, na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho wakazichapa mwaka 1996. Fikiria umbali uliopo: umbo lililolelewa Pate na Lamu, mdomoni mwa mashehe, linashika mahubiri ya mlimani na kupigwa chapa katika mitambo ya watawa wa asili ya Ujerumani kusini mwa Tanzania. Hilo nalo ni jambo la ajabu kama chaki ya bluu. Tofauti ni kwamba msikilizaji alikwisha kuwa na sikio la kulipokea. Silabi nane na kina cha mwisho kinachorudi beti hadi beti vilimbeba hadi kwenye maneno ambayo huenda asingeyasikiliza kwa nathari. Mnyampala hakuwa jasiri pungufu kuliko Hopkins; alichukua kitu cha jirani na kumwambia Mkatoliki mwenzake kwamba hiki nacho ni chetu.

Ninachotafuta kwa wote wawili ni alama kwamba mtunzi alilipa gharama ya umbo alilolichagua. Anayeandika utenzi kwa sababu hajui namna nyingine hajachagua. Anayeandika bila vina kwa sababu vina vinamshinda naye vilevile.

Turudi kwa yule msomaji asiye na huruma. Jina lake ni Robert Bridges, rafiki wa Hopkins tangu Oxford, daktari na mshairi, Mwanglikana aliyeuonea Ukatoliki wa rafiki yake shaka isiyofichika. Alipopelekewa shairi la Deutschland alijibu kwamba hata kwa pesa hatalisoma tena. Hopkins hakuzira. Alimwandikia akimsihi alirudie, akamfafanulia mizani yake, akatetea mshororo huu na kukubali kosa la ule, na barua ziliendelea kwenda na kurudi kwa miaka. Bridges aliendelea kutopenda mambo mengi. Lakini kila shairi alilopelekewa alilihifadhi kwa uangalifu, akilinakili na kulibandika katika daftari lake, hata baada ya mwenyewe kuzikwa. Mwaka 1918, akiwa mshairi rasmi wa taifa la Uingereza, alitoa kitabu cha mashairi ya Hopkins, nakala 750 zilizochukua takriban miaka kumi kumalizika, na la Deutschland akaliweka mwanzoni, pamoja na maonyo yake kwa msomaji. Shairi la masista watano lilifika ulimwenguni mikononi mwa mtu asiyekuwa na sababu yoyote ya kidini ya kulipenda.

Jambo hilo limejirudia mahali nisipolitazamia. Katika barua yake ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu fasihi na malezi, Papa Fransisko anakumbuka alipokuwa mwalimu wa fasihi katika shule ya Wajesuiti mjini Santa Fe, Ajentina, miaka ya 1964 na 1965. Muhtasari ulidai wanafunzi wasome El Cid. Wao walitaka García Lorca. Akaamua El Cid waisome nyumbani, darasani wazungumzie waandishi waliowapenda. Habari nyingine ya miaka hiyo ni kwamba wavulana hao waliandika hadithi zao, na mwalimu kijana akampelekea Jorge Luis Borges, mtu aliyekuwa akisema waziwazi kwamba hajui kama Mungu yuko. Borges alizisoma na kuziandikia dibaji. Mjesuiti alikuwa na wasomaji wengi wa karibu, mapadri na mabruda, ambao wangewapigia watoto makofi. Alimtafuta mtu ambaye asingewapigia makofi kwa ajili ya Mungu.

Siku hizi majarida ya Kikatoliki ya sanaa na utamaduni yapo, na baadhi yana sikio kali. Dappled Things la Marekani, lililoanzishwa mwaka 2005, huchapa hadithi, mashairi, insha na picha, na lina tuzo ya hadithi fupi yenye jina la J. F. Powers, aliyewaandika mapadri wa Marekani wakigombania viwanja vya gofu na michango ya parokia, wala hakuwapaka mafuta. Jina la jarida lenyewe limechotwa katika shairi la Hopkins. Anayelipelekea kazi leo, basi, anaipitisha chini ya jina la mtu aliyekataliwa na The Month. Sidhani waanzilishi walikusudia mzaha. Nalichukua kama ahadi iliyowekwa mlangoni, kwamba ndani watasoma kwanza, na kushtuka baadaye.

Huku kwetu ukurasa wa mashairi katika magazeti ya Kanisa una umri mrefu. Kiongozi peke yake limekuwepo tangu 1950. Nafasi ipo, na watunzi hawajawahi kuadimika. Pengo ninaloliona ni la msomaji wa kati, yule anayesimama baina ya mtunzi na mhariri, asiye paroko, asiye mwanajumuiya mwenzako, asiyekuwa na deni la kukupongeza. Jumuiya ikisikiliza shairi lako baada ya rozari, itapiga vigelegele, na ni haki yake. Imekupenda kabla hujafungua kinywa. Mapenzi hayo ni mazuri kwa kila kitu isipokuwa kukwambia kwamba beti ya tatu imelala.

Kwa hiyo ukiwa na shairi kama lile la vitambaa, lipeleke kwenye jarida la Kanisa, kwa sababu huko ndiko waliko watu wanaojua kwa nini maji yale yanamwagwa penye mgomba. Usiitoe rangi ya mdomo ili kumrahisishia mhariri. Ila kabla ya kulipeleka, lisome mbele ya mtu asiyejua kalisi ni nini: jirani Mwislamu, mpangaji wa chumba cha pili asiyekwenda kanisa lolote, mwalimu wa Kiswahili mwenye ulimi mkali. Akipiga miayo kabla mama hajafika nyuma ya sakristia, umebaki na kazi, na hakuna baraka itakayoifanya kwa niaba yako. Akikukatiza kuuliza kwa nini hakuyamwaga mtaroni kama watu wengine, litie kwenye bahasha. Mhariri akilirudisha, utakuwa umepoteza nafasi katika toleo moja. Shairi litabaki lilivyo, na bahasha nyingine haina gharama kubwa.